Muhogo wa makopa ung'olewe kabla mvua hazijarudi

Kwa wakulima wa Newala, Tandahimba, Nachingwea na majirani zao huko kusini mwa Tanzania: muhogo wa makopa (vipande vilivyomenywa na kukaushwa) au unga ng'oeni kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba. Msingoje mvua za Novemba au Desemba.

Mchana majani hutengeneza sukari. Hiyo hushuka kwa mirija ya ndani ya gome hadi mizizini, na seli za huko huigeuza wanga na kuutunza kwenye vijifuko viitwavyo amiloplasti. Kiangazi mmea hupukutisha majani, haukui sana, akiba inakaa. Mvua ikishika, macho ya shina huchipua, na majani machanga bado hayajaweza kujilisha, basi vimeng'enya, yaani kemikali za mmea wenyewe, huuvunja ule wanga kuwa sukari ya kupeleka juu. Ndiyo maana muhogo wa wakati huo, hata ukichemshwa sana, hubaki na vipande vigumu vinavyong'aa, una maji, na makopa yake yakitwangwa unga ni kiduchu. Shamba lile lile, mbegu ile ile!

Wa kuuza mbichi ni habari nyingine. Kata mashina wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa, bakiza kisiki cha sentimita 20 hadi 30. Wanga utapungua kidogo, lakini ile michirizi ya bluu ya kuharibika ndani ya muhogo, ambayo kwa kawaida huanza ndani ya siku mbili tatu baada ya kung'olewa, itachelewa. Kwa makopa usifanye hivyo: kata, ng'oa na umenye siku hiyo hiyo.