Bedford kuukuu haichaji: tafuta kasoro kabla hujanunua dainamo

Mzee mmoja anayebeba mawe na kokoto aliniletea Bedford J6 yake ikiwa imevutwa kwa kamba. Ndani ya miezi mitatu alikuwa amenunua betri moja mpya na dainamo mbili za mtumba (dainamo ndiyo inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa kuchaji betri), na dainamo zote mbili zikaungua. Taa ya chaji ilikuwa na tabia iliyowachanganya mafundi walionitangulia. Ukiwasha swichi inawaka. Injini ikiamka, ukaongeza resi kidogo, inafifia hadi inazimika. Ukizidi kukanyaga mafuta inawaka tena, safari hii kali kuliko mwanzo. Kasoro ilikuwa waya mmoja mfupi wa ethi, yaani ule unaofungwa kwenye chuma cha gari, na skrubu yake iliyokazwa juu ya rangi.

Nitaeleza njia niliyofuata kuifikia kasoro ile, kwa sababu ndiyo ninayofuata kwenye kila lori la zamani linalotumia dainamo. Bedford za J zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na zile ambazo bado zinafanya kazi huku kwetu zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Usitegemee rangi za nyaya. Tegemea mita.

Mfano wangu hapa ni dainamo ya Lucas C40 ya volti 12 na kisanduku cha RB106 kinachodhibiti chaji, chenye tamino tano: A (betri), A1 (taa na vifaa), F (fildi, koili za usumaku za dainamo), D (dainamo) na E (ethi). Land Rover za Series II nazo zilitumia vifaa vya familia hii, kwa hiyo mwenye Land Rover anaweza kufuata pia. Kama lori lako limeshafungwa alteneta, kizalisha umeme cha magari mapya, vipimo vya Hatua ya 3 na ya 5 usivijaribu kabisa; utaiunguza.

Andaa mita ya volti, waya mfupi wenye vibanio viwili, msasa laini, spiriti, kitambaa kisichotoa manyoya na spana zako. Mita ya mshale naipenda kuliko ya tarakimu kwa kazi hii, maana mshale ukitetemeka unauona. Vua saa na pete, kunja mikono ya shati, na usiwashe sigara karibu na betri iliyotoka kuchajiwa. Gesi yake inalipuka.

Kabla ya yote angalia ni tamino ipi ya betri inayokwenda kwenye chesesi. Magari mengi ya Kiingereza ya zama zile yalifungwa chanya kwenye bodi, na mengine yamegeuzwa baadaye na mtu aliyetaka kufunga redio. Andika ulichokiona. Mita ikisoma kinyume, geuza nyaya zake, usigeuze betri.

Hatua ya 1: Betri

Acha gari lilale usiku mzima bila kuwashwa, kisha pima. Betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 ni tupu, na ukiendelea kupima mfumo ukiwa na betri tupu utadanganywa na kila namba utakayoiona. Ichaji kwanza nje ya gari.

Ikishachajiwa, mwambie mtu apige stata huku ukiangalia mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri imechoka au nyaya zake ni mbovu. Kama betri ina vifuniko, pima kila chumba kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. Chumba kimoja kikipishana na vingine kwa zaidi ya 0.050, betri hiyo imekufa hata kama bado inapiga honi vizuri.

Toa tamino zote mbili, zisugue mpaka ziwe na rangi ya risasi safi, kaza, halafu paka grisi juu. Grisi ni ya mwisho. Nimekuta tamino nyingi zilizopakwa grisi kwanza ndipo zikakazwa.

Hatua ya 2: Fenbelti na taa ya chaji

Bonyeza fenbelti kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Izame karibu nusu inchi. Ikilegea inateleza ukiwasha taa kubwa, na ikikazwa kupita kiasi inaua beringi ya mbele ya dainamo. Tazama pia mbavu za ndani. Belti iliyong'aa kama kioo imeshazoea kuteleza, na kuikaza hakutaiponya.

Sasa isome taa ya chaji. Inakaa kati ya swichi na tamino D, na inawaka kwa tofauti ya volti kati ya pande hizo mbili.

Swichi ikiwashwa na taa isiwake, balbu imekufa, au waya wa D umekatika, au kaboni za dainamo, vipande vinavyopokea umeme kwenye sehemu inayozunguka, hazigusi. Kwa dainamo, balbu kufa hakuzuii kuchaji, tofauti na alteneta nyingi.

Ikiwaka mfululizo hata kwa resi ya juu, dainamo haizalishi.

Ikibaki na mwanga hafifu lori likiwa mwendoni, kuna volti zinazopotea kati ya D na A. Mara nyingi ni uchafu kwenye midomo ya katauti, swichi iliyo ndani ya kisanduku inayounganisha dainamo na betri.

Ikiendelea kuwaka baada ya kuzima swichi, fungua tamino ya betri hapo hapo. Midomo ya katauti imegandana, na betri inaimwagia dainamo umeme wake wote. Nyaya zitaanza kunuka muda si mrefu.

Na kama ile ya mzee inazimika kisha inawaka kali kadiri resi inavyopanda, dainamo inazalisha tena sana, ila umeme wake hauna njia ya kufika kwenye betri. Volti za D zinapanda, zinafika sawa na za betri, taa inazimika. Zinazidi, taa inawaka kwa umeme unaotoka upande wa pili. Ukiiona hiyo usiguse dainamo. Ruka hadi Hatua ya 4.

Jambo moja linalosumbua waliozoea magari mapya: dainamo haichaji injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Taa ikiwaka hafifu injini ikiwa inanguruma polepole, hiyo si kasoro.

Hatua ya 3: Ipime dainamo peke yake

Chomoa nyaya zote mbili nyuma ya dainamo. Tamino pana ni D, nyembamba ni F. Ziunganishe tamino hizo kwa ule waya mfupi. Weka mguu mmoja wa mita kwenye kiungo hicho na mwingine kwenye mwili wa dainamo, palipo chuma kitupu.

Washa injini na uongeze resi taratibu. Volti zipande haraka, bila kutetemeka. Ukishaona 15 achia mafuta, na usiiruhusu ifike 20. Katika hali hii hakuna kinachoizuia: inajilisha yenyewe, na kadiri inavyozalisha ndivyo inavyojilisha zaidi.

Mita isiposoma kitu, kaboni hazigusi au usumaku umepotea. Ikisoma nusu volti hadi volti moja tu, usumaku uliobaki unafanya kazi lakini koili za fildi hazishiki. Zipime, zinatakiwa ziwe na omu 6 hivi. Ikisoma volti 4 au 5 ikagoma hapo, amecha (sehemu ya ndani inayozunguka) ina kasoro.

Kwa kaboni, fungua kifuniko cha nyuma. Hapa fanya taratibu. Inua springi, shika kaboni kwa mkia wake wa waya, ivute juu na uiachie. Ishuke yenyewe kwa uzito wake. Lori la mawe linakula vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linatengeneza gundi nyeusi kwenye nyumba ya kaboni, kaboni inaning'inia bila kugusa. Ukigonga dainamo kwa mpini wa bisibisi inachaji, lori likipita shimo inaacha. Isafishe kwa spiriti. Ikiwa fupi kuliko mm 7, weka mpya.

Komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba inayosuguliwa na kaboni, iwe ya rangi ya kahawia, laini. Ikiwa nyeusi yenye mistari, izungushe ndani ya msasa laini, kisha futa kwa spiriti. Angalia mifereji kati ya vipande vya shaba: maika (kihami kinachovitenganisha) ikiwa sawa na shaba, kaboni zitakuwa zinaruka. Ichimbue kwa kipande cha msumeno wa chuma, kama mm 0.8 kwenda chini, usipanue mfereji.

Ukifunga, dondoshea matone mawili matatu ya oili ya injini kwenye tundu la nyuma lililoandikwa OIL. Matone tu. Oili ikizidi inafika kwenye komyuteta na utarudi hapa tena.

Hatua ya 4: Nyaya, na hasa ethi

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotea, kwa sababu waya mbovu kwa macho ni mzima.

Acha kiungo cha D na F pale kwenye dainamo (uliyeruka Hatua ya 3, kiweke sasa), rudisha nyaya zake, kisha chomoa ncha zake za D na F kule kwenye kisanduku. Angalia zisiguse bodi. Washa injini, ongeza resi kidogo, na upime kila ncha kwa ethi. Zote mbili zikupe volti zile zile ulizozipata kwenye dainamo. Ncha isiyotoa kitu, waya wake umekatika ndani. Ukimaliza ondoa kiungo. Kukisahau ni kuiunguza dainamo kwa mkono wako.

Rudisha nyaya mahali pake, washa taa kubwa, shika resi ya wastani. Sasa pima upotevu: mguu mmoja wa mita kwenye mwili wa dainamo, mwingine kwenye nguzo ya betri inayokwenda ethi. Nguzo yenyewe, si tamino iliyoivaa. Isizidi volti 0.2. Kisha kati ya A ya kisanduku na nguzo nyingine ya betri, ikizidi 0.5 fuata waya huo kiungo kwa kiungo, mita itakuonyesha umeme unapoishia.

Mwisho, mguu mmoja kwenye tamino E ya kisanduku na mwingine kwenye mwili wa injini. Unatakiwa usome sifuri au karibu nayo.

Kwenye lori la mzee nilisoma volti 14, na zikapanda kila nilipokanyaga. E ilikuwa inaelea. Waya wake ulishuka vizuri, ukafungwa kwa skrubu nzuri yenye kung'aa, lakini kabini ilikuwa imepakwa rangi upya na skrubu ikarudishwa juu ya rangi. Koili zote mbili ndani ya kisanduku zinategemea E. Ikikosekana, katauti haifungi, kwa hiyo betri haipati kitu. Na regyuleta, inayozuia volti zisizidi, haifungui, kwa hiyo fildi inalishwa bila breki. Ndiyo maana dainamo mbili zilipikwa hali betri imelala njaa. Nilikwangua rangi mpaka chuma cheupe, nikaongeza waya wa pili kutoka E moja kwa moja hadi kwenye injini. Nakushauri uongeze huo waya hata kama lako halijaharibika.

Hatua ya 5: Kisanduku

Usikifungue kabla ya hatua ya 4. Kisanduku kilichochezewa bila sababu kinachosha kuliko kilichoharibika.

Fungua betri kwanza. Midomo ya regyuleta isafishe kwa jiwe laini la kunolea, ya katauti kwa msasa laini wa kioo, na yote uifute kwa spiriti.

Kupima, betri ikiwa imefungwa tena, toa nyaya za A na A1 uziunganishe pamoja nje ya kisanduku na uzifunike zisiguse bodi. Mita iwe kati ya D na E. Ongeza resi taratibu mpaka mshale uruke kidogo kisha utulie. Utulie karibu na volti 16. Wengi wakiiona 16 wanashtuka na kuipunguza hadi 14, halafu betri haijai tena maisha. Hiyo 16 ni ya kisanduku kisicho na mzigo. Betri ikirudishwa utaona 14 na kitu. Kurekebisha, zungusha skrubu ya regyuleta kidogo sana, kulia kupandisha, kushoto kushusha. Maliza ndani ya nusu dakika, maana koili ikipata moto namba zinahama.

Katauti nayo ifunge kati ya 12.7 na 13.3. Utaisikia ikigonga.

Kama shida yako ni kuchaji kupita kiasi, betri inachemka na balbu zinakufa, tafuta midomo ya regyuleta iliyogandana au waya wa F uliogusana na wa D.

Hatua ya 6: Kuipa dainamo usumaku

Dainamo ya mtumba, au iliyokaa muda mrefu bila kazi, ipewe usumaku unaolingana na ethi ya gari lako, chanya au hasi. Chomoa waya wa F kwenye dainamo. Kwa waya mrefu kutoka nguzo ya betri isiyo ya ethi, gusa tamino F ya dainamo mara mbili tatu, sekunde moja moja. Utaona cheche ndogo. Usiguse F ya kisanduku.

Funga kila kitu, toka barabarani nusu saa, kisha paki. Ukirudi shika dainamo kwa kiganja: iwe ya moto wa kustahimilika. Asubuhi, kabla hujagusa swichi, pima betri tena. Ya mzee ilisoma 12.6, na akaondoka kwenda machimboni bila kusukumwa.