Hedhi imekoma na meno yanacheza? Soma kabla hujaenda kuweka jino la skrubu

Mie jino la kwanza kucheza lilikuwa gego la chini kushoto, nimekaa barazani natafuna mkate wa mofa na mchuzi wa pweza nikalisikia limeinuka kidogo kisha likakaa tena, halikuuma, basi nikalipuuza miezi minane. Nilikuwa na miaka 52, hedhi ishakatika. Majoto ya usiku nilikuwa nayajua, hasira za bure nazijua, ila habari ya mdomo hakuna aliyewahi kunambia, si mama wala somo wangu.

Kumbe iko hivi shoga zangu: homoni ya estrojeni ikishuka mifupa inapungua nguvu, na taya nalo ni mfupa. Fizi zinavimba na kutoka damu upesi, mate yanapungua, na mate ndo yanayoosha mdomo na kuvunja makali ya asidi, kwa hiyo meno yanatoboka haraka kuliko zamani hata kama hujabadilisha chakula. Wengine ulimi unawaka kama wametafuna pilipili mbuzi na hawajala kitu.

Basi anza na mdomo mkavu. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa (Ramadhani fidia usiku, na daku usiimalizie na tende ukalala nazo mdomoni), tafuna chingamu isiyo na sukari, na halua na kahawa kula tu jamani, siwakatazi, ila sukutua na maji baadae maana ile halua inagandia kwenye magego. Angalia na vidonge vyako, baadhi ya dawa za presha na za aleji zinakausha mate, mwambie daktari akutazamie, usiache mwenyewe.

Kupiga mswaki ni mara 2 kwa siku, brashi laini, dawa yenye floraidi, ukimaliza tema povu usisukutue na maji mengi. Mswaki wa mti miye bado nautumia na unasafisha vizuri, ila nyuma ya magego kwa ndani haufiki, hapo brashi, na katikati ya meno pitisha uzi. Mafuta ya karafuu, najua Wapemba mtanisema, yanatuliza maumivu tu, hayatibu jino, na ukiyatia matupu yanaunguza ufizi. Tambuu na tumbaku acha, hilo sina maneno ya kulipamba, vinaleta saratani ya mdomo.

Sasa skrubu yenyewe, wenyewe wanaita implanti. Ni kijiti cha titani kinachofungwa ndani ya mfupa wa taya, mfupa unakishika kabisa, halafu juu yake ndo linawekwa jino. Si jambo geni, daktari wa Sweden anaitwa Brånemark alimuwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Mie mahali pa kwanza nilipokwenda nikaambiwa "wewe bibi ushakoma hedhi, mfupa hautashika", nikarudi nyumbani nimenuna. Si kweli. Kukoma hedhi peke yake hakukuzuii, kinachoangaliwa ni mfupa uliobaki, fizi zina ugonjwa au hazina, sukari imedhibitiwa au la, na kama unavuta sigara.

Lakini kuna hili moja, na hapa msinipitie mbio: kama unatumia dawa za mifupa, mfano alendroneti ile ya kidonge cha kila wiki, au sindano za mifupa, mwambie daktari wa meno KABLA hajang'oa wala kutoboa chochote. Ni mara chache, ila mfupa wa taya unaweza kugoma kupona ukabaki wazi, na hatari inazidi kwa wanaochomwa dozi kubwa kwa ajili ya saratani. Usiifiche, wala usiiache kimya kimya, daktari wa meno na yule aliyekuandikia dawa ya mifupa wazungumze. Na kama ndo kwanza unataka kuzianza, kamalize kutibu meno kwanza.

Ukienda chukua vidonge vyako vyote kwenye mfuko. Uliza kama utapigwa picha inayoonesha unene wa mfupa, kama utahitaji kuongezewa mfupa, na ile bei aliyokutajia ni ya skrubu tu au na jino la juu, maana hapo watu wengi wanalia. Piga hesabu ya safari pia, kama unavuka kwenda Dar ujue si mara moja, kuna kuweka, kuangaliwa, halafu kusubiri kama miezi 3 mpaka 6 ndo jino lije, na anaetoka Pemba nauli yake ya boti ni habari nyingine kabisa. Pengo usilikalishe miaka, mfupa wa pale unasinyaa. Pesa haipo? Meno ya kuvaa si aibu, yavue usiku uyasugue.

Na skrubu haitoboki lakini ufizi wake unaugua, ukiacha kusafisha inalegea kama jino tu.

Yangu iko ndani mwezi wa nne huu. Natafuna upande wa kulia, na mkate wa mofa naurowesha kwenye mchuzi kwanza.