Maiki ya kifuani inayosikia upande mmoja: ibane hivi

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimwaibisha mhadhiri mbele ya ukumbi mzima, Tanga. Spika ya kujisikia ilikuwa imelala miguuni pake, na maiki niliona inachungulia mno kwenye kanzu nyeupe. Nikaamua kuificha: nikaizungushia plasta ya dukani, kichwa na mgongo, nikaibandika ukingoni mwa shingo. Alipofungua mdomo tu, spika zikapiga mluzi hadi watu wakaziba masikio.

Kosa lilikuwa ile plasta. Maiki ya aina hii, inayosikia upande mmoja, ina matundu mbele na mengine nyuma au ubavuni. Sauti ya nyuma huingia pande zote mbili, ikakutana kwenye utando wa ndani unaopokea sauti na kujimaliza yenyewe. Ziba yale ya nyuma, na maiki inaanza kusikia kila upande, spika ya miguuni ikiwemo.

Kwa hiyo kwanza jua unayo ipi. Nyingi za bei nafuu husikia pande zote. Hata kampuni moja hutoa za aina zote mbili: ME 2 ya Sennheiser husikia pande zote, ME 4 upande mmoja. Ukikosa boksi, vaa hedifoni, sema karibu na kichwa cha maiki, kisha igeuze mgongo uendelee kusema kwa umbali uleule. Sauti ikishuka na kuwa kama ya mtu aliye chumba cha pili, ndiyo ya upande mmoja.

Mimi hii ya upande mmoja naitoa kwenye begi pale tu penye spika au kelele. Ukijirekodi kwa simu chumbani kimya, tumia ya pande zote, maana haina makuu: ukigeuza shingo bado inakusikia. (Na angalia pini: ya simu ina mistari mitatu ya plastiki, ya kamera miwili. Wengi hurudisha maiki nzima dukani kwa sababu ya mstari mmoja.)

Pa kuibana hii ya upande mmoja ni katikati ya kifua, shubiri moja chini ya kidevu, kichwa chake kikitazama mdomo. Kutazama ndiyo kazi yenyewe. Kanzu nyepesi hulegea, klipu ikalala, maiki ikabaki inasikiliza kwapa. Mimi hukunja kipande cha kadi ya mwaliko, nakiweka nyuma ya kitambaa kwenye mpasuo wa shingo, kisha nabana vyote pamoja. Inasimama wima mpaka dua ya mwisho. Kwa mwanamke mwenye mtandio, mpe maiki aibane mwenyewe, wewe elekeza kwa maneno. Iwe juu ya mtandio, kamwe isiwe chini yake. Waya upige kitanzi kidogo chini ya klipu, ili ukivutwa usitikise kichwa.

Usiisogeze karibu sana na koo, sauti itavimba besi. Ikivimba, kata kwenye miksa sauti za chini ya hezi 100. Sponji isitoke, kwani hizi huumizwa na pumzi na upepo kuliko zile nyingine.

Sasa pangaboi. Maiki inayotazama mdomo inatazama dari pia, kwa hiyo pangaboi lililo juu ya kichwa cha msemaji liko mbele yake kabisa. Zima hilo moja, mengine yaache yawapoze watu. Spika ya miguuni, kinyume chake, iko mgongoni mwa maiki na haitakusumbua, mradi hujaziba matundu. Spika kubwa za ukumbi ziwe mbele ya msemaji, zikitazama watu, naye asizipite.

Unapopima sauti usimwambie ahesabu moja, mbili, tatu. Mwambie, "Shehe, sema kama unakemea." Kilele cha sauti kwenye mita kikifika karibu na desibeli -12, achia hapo, unabaki na nafasi ya hamasa.

Kisha muulize atakuwa anatazama wapi. Kama picha za ukutani ziko kulia kwake, atazigeukia kila dakika na sauti itakuwa inapotea. Sogeza klipu vidole viwili kulia kwake, na umwombe ageuke na kifua, si shingo peke yake.