Kusoma presha ya kisima cha mlalo: bapa mbili, maana mbili

Katika kupima presha ya visima vya mafuta, kosa ninalokutana nalo sana ni hili: mtu anaona sehemu bapa ya kwanza kwenye grafu, anakokotoa upenyezaji (wepesi wa mwamba kupitisha mafuta) kwa kutumia unene wa tabaka la mwamba lenye mafuta, anafunga faili. Katika kisima cha wima huenda angepatia. Kwenye cha mlalo, kinachopita ndani ya tabaka kwa ulalo, amepotea.

Hatua ya 1. Chukua rekodi ya geji ya presha iliyo chini kisimani, ya kipindi kisima kilipofungwa. Tafuta sekunde yenyewe ya kufungwa, maana ukiikosea umbo lote la mwanzo linaharibika. Ingiza na historia ya uzalishaji, hata vile vituo vifupi.

Hatua ya 2. Chora badiliko la presha pamoja na derivativu yake (kasi ya badiliko hilo kwa logi ya muda), ile iliyoenezwa na Bourdet na wenzake mwaka 1983, kwenye grafu ya logi kwa logi, yaani ambayo kila hatua ya mihimili yote miwili ni mara 10.

Hatua ya 3. Soma kutoka kushoto. Mteremko wa 1 ni kisima chenyewe kinajaa. Mwamba haujasema kitu. Bapa ya kwanza ni mafuta yanayokuja kutoka juu, chini na kando, kama spoki kwenye kitovu cha gurudumu. Kimo chake kinatawaliwa na urefu unaozalisha na kipeuo cha pili cha zao la upenyezaji wa mlalo na wa wima. Athari ya presha ikishagusa dari na sakafu ya tabaka, mteremko huwa nusu. Bapa ya pili, inayofuata, ndiyo inayobeba unene: kimo chake kinatawaliwa na unene na upenyezaji wa mlalo.

Hatua ya 4. Linganisha bapa hizo. Tuseme urefu ni mita 1,000, unene mita 20, na upenyezaji wa mlalo ni mara 10 ya wa wima. Bapa ya kwanza ikiwa psi 2 (psi ni kizio cha presha), ya pili itakaa karibu na psi 32. Ukitumia unene kwenye ile ya kwanza, umeukuza upenyezaji mara 16! Makadirio ya akiba ya mafuta yanapangwa juu ya namba hiyo.

Hatua ya 5. Bapa ya pili isipoonekana, usiichore kwa matumaini. Muda wa kuifikia hukua kwa mraba wa urefu: kisima kirefu mara 2 husubiri mara 4. Nayo ya kwanza mara nyingi humezwa na kujaa kwa kisima, ndiyo maana napendelea kufungia vali chini kuliko juu. Ukibaki na mteremko wa nusu peke yake, andika zao la urefu, unene na kipeuo cha pili cha upenyezaji wa mlalo, wala usiweke urefu uliochimbwa kana kwamba wote unazalisha.