Ukikopi CD au DVD ikagoma, anzia hapa

Kuna kitu kinauma jamani, umeweka diski, umebonyeza, umesubiri weee, programu inafika asilimia 97 halafu inakutolea maandishi ya error na diski mpya ndo imeshaharibika hivyo. Unaweka nyingine, yale yale. Mimi nimetupa diski nyingi sana kwa mtindo huo mpaka nikajua kosa langu, nilikuwa nakopi moja kwa moja kutoka diski kwenda diski, yaani kusoma na kuchoma vyote kwa mkupuo mmoja, sasa ikigoma huwezi kujua nani mwenye makosa.

Kwa hiyo tenganisha kazi. Kwanza soma ile diski ya asili uitoe kama faili ya ISO, yaani faili moja yenye nakala kamili ya diski, ikae kwenye kompyuta, halafu ndo uchome kutoka kwenye hiyo faili. Kwenye Windows kuna ImgBurn, ni ya bure na inafanya kazi zote mbili, kwenye Linux kuna K3b au Brasero. Ikikwama wakati wa kutengeneza ISO basi mgonjwa ni diski ya asili au draivu inashindwa kusoma, ikikwama wakati wa kuchoma basi angalia diski tupu, spidi au draivu yenyewe. Hapo umeshapunguza nusu ya kazi na hujaharibu diski hata moja.

Tuseme imekwama kwenye kusoma. Toa diski uigeuze kwenye mwanga. Vumbi na alama za vidole futa kwa kitambaa laini cha pamba, na ufute kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, kwa sababu data imejipanga kwa kuzunguka na mkwaruzo unaofuata mzunguko unaua data nyingi zilizofuatana, wakati unaokata kwenda nje draivu mara nyingi inaweza kujisahihishia yenyewe. Halafu kwa CD angalia na upande wa juu wenye maandishi, watu wengi hawajui hili, data ya CD iko chini tu ya ule upande wa juu, kwa hiyo ukiinua kwenye taa ukaona vitundu vinapitisha mwanga ujue hapo data imeshaondoka na hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha. DVD ina afadhali, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili.

Kama diski ni safi bado inagoma, jaribu draivu nyingine kabla hujakata tamaa. Nilikuwa na CD yenye sauti ya marehemu bibi, kompyuta yangu iliikataa kabisa, inazunguka inapiga kelele halafu kimya, nikaiweka kwenye laptop ya zamani ambayo nilikuwa nimeshaiweka pembeni ikaisoma polepole mpaka mwisho. Kwa Linux kuna programu inaitwa ddrescue, hiyo inaruka sehemu mbovu, inachukua kwanza zile nzima, halafu inarudia zilizobaki, na inakumbuka ilipoishia, kwa hiyo unaweza hata kubadilisha draivu katikati ya kazi ukaendelea.

Ila CD ya muziki ya kawaida haitoki kama ISO, hiyo unaitoa kama BIN na CUE, faili mbili zinazokwenda pamoja, BIN ina sauti yenyewe na CUE inaonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Na kama nakala inaweka ukimya wa sekunde 2 kati ya nyimbo ambao kwenye asili haupo, chagua kuchoma kwa DAO (diski nzima kwa mkupuo mmoja) badala ya TAO (wimbo mmoja mmoja).

Haya, ISO umeipata lakini kuchoma kunagoma. Cheki saizi kwanza. DVD ya kawaida imeandikwa GB 4.7 lakini Windows itakuonyesha kama 4.37 hivi, haujaibiwa, ni namna tu ya kuhesabu. Kama ISO yako ni GB 7 basi ya asili ina leya mbili, yaani tabaka mbili za data, na unahitaji tupu ya leya mbili, ile ya GB 8.5. Na kama faili inakatika ikifika GB 4 wakati unaihifadhi kwenye flashi, hiyo flashi iko kwenye FAT32, mpangilio wa zamani usiobeba faili moja ya kufika GB 4, ibadilishe iwe exFAT au NTFS, ila toa vitu vyako kwanza maana kufomati kunafuta kila kitu.

Sasa ile ya kufia asilimia 90 na kitu. Chukua diski iliyoharibika uitazame upande wa chini, utaona sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo na isiyochomwa, kama pete. Kuchoma kunaanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo ikifia mwishoni imefia ukingoni, na ukingoni ndo kwenye alama za vidole, ndo diski za hali ya chini zinapokuwa mbovu, na draivu nyingi ndo zinafikia spidi yao ya juu hapo hapo. Punguza spidi, kama DVD imeandikwa 16x choma kwa 8x, usiende mpaka 1x maana diski za siku hizi hazikutengenezwa kwa spidi hiyo na inaweza kutoka mbaya zaidi. Shika diski kwa ukingo na tundu la katikati tu. Kama draivu ni ya USB ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, sio kwenye hab (kile kigawanyio cha tundu za USB), umeme unapungua laser ikianza kuchoma. Na kwenye settings weka kompyuta isilale yenyewe katikati ya kazi.

Nyingine ni hii, nakala inacheza kwenye kompyuta lakini deki inaikataa. Mara nyingi haijafainalaiziwa, yaani diski haijafungwa rasmi baada ya kuchomwa, weka tiki kwenye finalize kabla ya kuchoma. Au umechukua video ya MP4 ukaitupia kwenye DVD kama data, deki ya zamani inataka video iliyopangwa kama DVD ya filamu, ndani ya folda ya VIDEO_TS. Kama diski tupu yako imeandikwa DVD+R jaribu aina ya DVD-R, deki nyingine zinachagua.

Filamu za dukani zina kufuli na haki za watu, haya yote nimeandika kwa ajili ya rekodi zako mwenyewe.

Ukimaliza washa verifai, inaongeza dakika chache lakini inasoma nakala na kulinganisha na ISO. Halafu ijaribu kwenye mashine nyingine kabla hujaiandika jina, na uandike kwa kalamu ya ncha laini kama maka, sio bik, ncha ya bik inakwaruza ule upande wa juu.