Ndoto ikibadili lugha, ishike hapo hapo

Wewe unayesema Kigiriama nyumbani, Kiswahili sokoni Kongowea na Kiingereza kazini, una njia nzuri sana ya kujitambua ndotoni, yaani kujua unaota na huku bado umelala. Si hadithi: mwaka 1975 mtafiti Keith Hearne, huko Uingereza, alirekodi mtu aliyetoa ishara kwa macho kuwa anajua anaota, akiwa bado usingizini.

Angalia nani anasema lugha gani. Niliota niko kwenye feri ya Likoni, marehemu bibi yangu kanishika mkono, ananiambia kwa Kiingereza kilichonyooka nisisogee ukingoni. Bibi huyu alikuwa mtu wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, macho akiyaita mato, Kiingereza hakukijua hata neno. Nikajua: naota! Nikasimama nimtazame uso wake nishibe.

Jizoeze mchana. Kila unapohama lugha, labda umelipa nauli kwa Kiswahili kisha simu ikakutaka Kiingereza, jiulize kwa dhati: naota? Soma kibango kilicho karibu, geuza uso, kisome tena. Ndotoni maandishi aghalabu hubadilika. Ukizoea, swali litakufuata hadi usingizini.

Na ndoto nyingi ndefu huja kuelekea asubuhi. Kwa hiyo adhana ya alfajiri ikikuamsha, tulia kwanza bila kugusa simu, kumbuka, kisha andika maneno kwa lugha ile ile yaliyosemwa. Usitafsiri, tafadhali. Mato yabaki mato.