Asilimia ya wahakiki isikuchagulie filamu

Kabla hujamaliza bando kupakua filamu kwa sababu umeona ina asilimia 90 kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, jua kwanza ile namba inahesabu nini. Si maksi za filamu. Ni wahakiki wangapi katika kila mia walioipenda. Filamu ambayo wote wameiona "si mbaya" inaweza kupata 100, na ile iliyowagawa, nusu wakiisifu kupita kiasi na nusu wakiitupa, ikabaki 50. Mimi hiyo ya 50 ndiyo huitafuta kwanza.

Kinachosaidia ni kumsoma mhakiki mmoja mpaka umjue. Chukua filamu uliyokwisha kuitizama, soma alivyoiandika, uone anakasirishwa na nini. Akilalamika kuwa hadithi inakwenda polepole, wazee wamekaa barazani wanazungumza tu na hakuna anayefukuzwa, na wewe hayo ndiyo unayoyapenda, basi lawama zake zitakufaa kuliko sifa zake. Aya zinazosimulia mwisho ziruke.

Kwa filamu za kwetu usingoje wahakiki wa nje, wengi hawazioni. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, likifika, nenda Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, ambako limeonyesha filamu miaka mingi, ukatizame mwenyewe, kisha kaeni bustani ya Forodhani hapo mbele mbishane. Muulize hasa yule aliyenyanyuka akatoka katikati: sehemu gani ilimchosha, na alikuwa akitarajia nini pale?